FUNDI WA KIJIJI: Nyumba ya Bati Isiwe Tanuri

Bati ni kitu kizuri. Halioti fangasi kama nyasi. Halishiki moto upesi. Halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ndiyo maana mtu akivuna vizuri, jambo la kwanza analofikiria ni mabati. Hatumlaumu.

Lakini ingia katika nyumba ya bati saa saba mchana, mwezi wa Oktoba au Novemba, huku Dodoma au Singida. Utatoka mara moja. Mtoto aliyelala ndani amelowa jasho. Mgonjwa hawezi kupumzika. Mwanafunzi hawezi kusoma. Wakati huo huo wazee wamekaa katika tembe la zamani, na ndani ya tembe hilo kuna ubaridi.

Je, wazee waliokuwa wakijenga tembe walikuwa wajinga? Hapana. Walijua kitu ambacho sisi tumekisahau. Hebu tukitazame kitu hicho. Kisha tutaona jinsi ya kuifanya nyumba ya bati iwe na ubaridi mchana, isiwe na moshi, na ijaze maji ya kunywa. Kazi zote hizi zinawezekana kijijini. Nyingine hazihitaji fedha.

KWA NINI TEMBE LINA UBARIDI

Paa la tembe ni udongo mzito uliowekwa juu ya miti. Kuta zake pia ni nene. Udongo mzito hupokea joto polepole. Jua la asubuhi na la mchana hulipiga paa, lakini joto hilo huchukua saa nyingi kupenya hadi ndani. Linapofika ndani, jua limekwisha kuchwa na hewa ya nje imeanza kupoa. Kwa hiyo mchana kuna ubaridi, na usiku kuna vuguvugu. Katika mikoa ya kati, ambako usiku hupoa sana, jambo hili ni la maana.

Bati ni jembamba. Jua likilipiga, linashika moto kwa dakika chache tu. Kisha linatupa joto hilo chini, juu ya vichwa vya watu. Usiku linapoa upesi vile vile, na watu wanatetemeka.

Tembe nalo lina kasoro zake, na hatutazificha. Ndani kuna giza, moshi haupati njia ya kutoka, na mvua kubwa hulivujisha. Hatusemi turudi nyuma. Tunasema tuchukue akili ya tembe tuitie katika nyumba ya bati.

KUTA: USIVUNJE UKUTA MNENE

Watu wengi wakinunua mabati huona haya kuyaweka juu ya ukuta wa udongo. Huuza ng'ombe wa pili ili wanunue tofali za saruji. Mara nyingi hii ni hasara. Ukuta wa tofali za udongo wenye unene wa sentimita 30 huzuia joto vizuri kuliko ukuta mwembamba wa saruji. Adui wa ukuta wa udongo ni maji, si jua. Ukiukinga na maji, utadumu miaka mingi.

Unaukinga hivi. Weka msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30, ili matone ya mvua yanayoruka yasiule ukuta. Halafu toa upenu mrefu. Upenu ni ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Mafundi wengi hutoa upenu wa shibiri moja tu ili kuokoa bati. Waambie hapana. Toa sentimita 60 au zaidi. Upenu huo utazuia mvua isipige ukuta, na utazuia jua la mchana lisiingie dirishani.

Sasa geuza nyumba vizuri kabla hujachimba msingi. Katika nchi yetu jua la mchana hupita karibu na utosi. Lakini jua la asubuhi na la jioni huja limelala, likapiga ukuta wa mashariki na wa magharibi. Upenu hauwezi kulizuia jua lililolala. Kwa hiyo pande fupi za nyumba zielekee mashariki na magharibi. Pande ndefu, zenye madirisha, zielekee kaskazini na kusini. Kazi hii haina gharama hata senti moja. Ni kugeuza kamba ya kupimia tu.

Ikiwa nyumba imekwisha kujengwa vibaya, usiivunje. Panda mwarobaini au mti mwingine wa kivuli upande wa magharibi, mita 5 au 6 kutoka ukutani. Usiupande karibu zaidi, maana mizizi huinua msingi, na majani hujaa juu ya paa.

DARI NA NJIA YA HEWA

Hapa ndipo penye dawa kubwa ya joto la bati. Weka dari.

Dari si lazima liwe la mbao za kununua. Suka mikeka ya matete au mianzi. Ifunge chini ya kenchi, ili kati ya mkeka na bati kuwe na nafasi. Ukipenda, ipake udongo laini uliochanganywa na majivu, lakini uwe mwembamba. Udongo mzito utavunja dari na kuwaangukia watoto.

Nafasi iliyo kati ya dari na bati itajaa hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda juu. Ukiifungia humo, itashuka joto lake ndani ya nyumba. Ipe njia ya kutokea. Kila mwisho wa nyumba, katika ukuta wa pembetatu ulio chini ya kilele cha paa, acha tundu lenye upana wa tofali mbili au tatu. Matundu yawe mawili, moja kila upande, ili upepo uingie huku utokee kule. Tundu moja peke yake halifanyi kazi nzuri.

Madirisha nayo ni hivyo hivyo. Chumba chenye dirisha moja hakina upepo, hata dirisha hilo liwe kubwa namna gani. Weka madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango. Kama hujui upepo wa kwenu hutoka wapi, tazama moshi wa jikoni unavyolala.

Lakini subiri. Kuna jambo ambalo mafundi wa zamani hawakulitilia maanani. Mbu wa malaria hupenda sana kuingia kwa kupitia ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Humo hutoka harufu ya watu waliolala, na mbu huifuata. Basi mwanya huo tuuzibe kabisa? Tukiuziba bila kuweka matundu mengine, joto litatuua. Tukiuacha wazi, malaria itatuua.

Jibu ni wavu. Ziba mwanya wa ukutani kwa udongo au tofali. Acha matundu yale ya pembetatu, na madirisha, kisha yote yafunike kwa wavu wa mbu. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo ongeza ukubwa wa dirisha kidogo. Wavu wa matundu ya juu utazuia popo na panya pia. Na hata ukifanya haya yote, endelea kulala ndani ya chandarua.

Mtu akikuuliza kuhusu kupaka bati rangi nyeupe, mwambie ni kweli. Rangi nyeupe hurudisha jua, na bati la kutu hulishika. Lakini usipake rangi yoyote tu kama unakinga maji ya kunywa kutoka paa hilo. Rangi nyingine zina madini ya risasi, nayo ni sumu kwa watoto. Kwa nyumba inayokinga maji, sisi tunaona dari ni bora kuliko rangi.

Wasomaji wa pwani, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Huko usiku haupoi sana, na hewa ina unyevu. Ukuta mnene haukusaidii sana. Kinachosaidia ni upepo kupita, paa la juu, na baraza yenye kivuli. Nyumba ya makuti yenye kuta nyepesi ilijua jambo hilo. Na nyinyi wa Makete na Mbulu, shida yenu ni baridi, nayo inatupeleka kwenye jambo zito.

MOTO WA MKAA NDANI YA CHUMBA NI KIFO

Ndugu msomaji, sehemu hii isome polepole. Kisha msomee na mtu asiyejua kusoma.

Katika nchi za baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Hufunga mlango na dirisha. Huona mkaa umekwisha kuwa mwekundu, hautoi moshi, wakadhani hauna madhara. Asubuhi majirani hubisha hodi, hakuna anayeitika.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ikiingia mapafuni, inakaa katika damu mahali pa hewa safi. Mtu husikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Aliyelala hasikii kitu. Anaendelea kulala mpaka afe.

Kwa hiyo usilale na jiko la mkaa ndani, hata kwa saa moja. Usiseme, "Nitaacha dirisha wazi kidogo." Usiseme, "Mkaa umebaki majivu." Majivu ya moto nayo hutoa sumu hiyo. Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, na mpelekeni hospitali hata akizinduka. Wewe mwenyewe usikae ndani.

Kama ni baridi, ziba nyufa za ukuta, weka dari, tandika mkeka mnene sakafuni, lala na blanketi. Dari linalozuia joto la mchana katika Dodoma ndilo linalozuia baridi ya usiku katika Makete. Ni kazi ile ile.

MOSHI WA KUNI

Moshi wa kuni nao ni hatari. Huua polepole. Mama anayepika ndani ya moshi huvuta moshi huo kila siku, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao walikuwamo watoto wachanga wengi waliopata homa ya mapafu. Huko zamani, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Moshi wa jikoni unastahili juhudi kama ile.

Na kuna kuni zenyewe. Mafiga matatu yaliyo wazi hupoteza moto mwingi. Upepo hupeperusha mwali, na joto linakwenda pembeni badala ya kwenda chini ya chungu. Kuni nyingi ambazo mama amebeba kichwani kutoka mbali zinapasha hewa tu.

Baba wa nyumba, hapa tunasema na wewe. Usiseme jiko ni kazi ya mama. Wewe ndiye unayejenga ukuta. Jiko nalo ni sehemu ya jengo.

Jenga jiko la udongo hivi. Chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi na kinyesi cha ng'ombe kidogo. Ukande kwa miguu na uache ulale siku moja au mbili. Kisha lijenge jiko kuzunguka chungu unachotumia kila siku. Chungu kizame ndani ya jiko, kisikae juu yake kama kofia. Kati ya chungu na ukuta wa jiko acha nafasi ya unene wa kidole. Moto utapita katika nafasi hiyo ukilamba ubavu wa chungu. Mlango wa kuni uwe mdogo. Mlango mkubwa unamshawishi mtu aingize magogo matatu mahali pa moja. Liache jiko likauke kivulini kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuliwasha. Likikaushwa juani litapasuka.

Moshi uutoe kwa dohani. Dohani ni njia ya moshi ya kwenda juu. Ijenge kwa tofali za udongo, itoke nje kwa kupita juu ya paa, ipite kilele cha paa kiasi cha nusu mita au zaidi. Ikiishia chini ya kilele, upepo utaurudisha moshi ndani. Kila mwezi kwangua masizi. Kama jiko lako limeezekwa kwa nyasi, usipitishe bomba la chuma katikati ya nyasi. Bomba hilo hushika moto sana, na nyumba nyingi zimeungua namna hiyo. Jenga dohani ya tofali nje ya ukuta, au pikia kibandani penye upande mmoja ulio wazi.

Kuna njia za kuokoa kuni ambazo hazitaki udongo wala fundi. Kausha kuni kwanza chini ya upenu, usizipike mbichi. Moto wa kuni mbichi hufanya kazi ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujachemsha ya kwako. Funika chungu. Loweka maharage usiku kucha, na uyamwage maji yale.

Na kikapu cha joto je, unakijua? Chukua kikapu kikubwa, kijaze nyasi kavu au matambara, acha shimo la chungu katikati. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu nusu saa nzima. Usipunguze, kwa maana maharage yasiyochemka vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Kisha ondoa chungu motoni na mfuniko wake, kiweke ndani ya kikapu, kifunike kwa mto wa nyasi, usikifungue. Nenda shamba. Maharage yataendelea kuiva yenyewe bila moto. Ukirudi utamalizia kwa muda mfupi tu. Watu hucheka wakisikia habari hii. Wakijaribu mara moja hawacheki tena.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia wananchi asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo gesi itazidi kuja vijijini. Fundi, jua jambo hili mapema: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Inashuka na kulala sakafuni. Jiko la gesi linahitaji tundu la hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, zaidi ya dirisha la juu. Mtungi usimame wima. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiwashe wala usizime taa. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje.

PAA LAKO NI KISIMA

Sasa tufike kwenye faida kubwa ya bati, ambayo nyasi haina. Bati hukinga maji safi.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, inatoa lita moja ya maji. Kumbuka kanuni hii, ndiyo msingi wa yote. Pima paa kwa kusimama chini na kufuata kingo zake, usipande juu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Tuseme paa lako lina mita 8 kwa mita 6. Nane mara sita ni mita za mraba 48.

Dodoma hupata mvua kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida. Tuseme mwaka huu ni mbaya, mvua ni milimita 400 tu. Hesabu siku zote kwa mwaka mbaya. Mwaka mzuri haumtesi mtu. Basi, 48 mara 400 ni lita 19,200. Maji mengine hurukia nje na mengine hukauka juu ya bati, kwa hiyo toa sehemu moja kati ya tano. Zinabaki lita 15,360. Hayo ni madebe 768 ya lita 20, ambayo mama hakuyabeba kichwani.

Sasa, familia inahitaji kiasi gani? Watu sita, kila mmoja lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia, ni lita 30 kwa siku. Kiangazi cha mikoa ya kati ni kirefu, tuseme miezi saba, siku 210. Mara 30 ni lita 6,300. Umeona? Nusu tu ya paa, upande mmoja, inatoa lita 7,680 hata katika mwaka mbaya. Kwa hiyo kama fedha ni chache, weka mfereji wa paa, ambao mafundi huuita gata, upande mmoja tu. Fedha iliyobaki itie katika tangi. Tunaona watu wengi wakiweka gata pande zote nne, kisha wanakinga kwa pipa moja la lita 200. Mvua ya kwanza tu pipa limejaa, na maji mengine yote yanakwenda kuchimba korongo uani.

Tangi la duara lenye upana wa mita 2 ndani, na kina cha maji cha mita 2, lina karibu lita 6,280. Lakini pima kwanza kimo cha upenu wako. Maji hayapandi mlima. Kama upenu uko chini, jenga tangi fupi na pana: upana mita 2 na sentimita 40, kina mita 1 na sentimita 40. Linapokea karibu maji yale yale.

Kumbuka kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo likijaa lina tani sita na zaidi. Ukilijenga juu ya udongo uliojazwa jana, litapasuka. Chimba mpaka ardhi ngumu, weka mawe na zege. Litenge na choo, na usilijenge mahali ambapo maji ya uani hukusanyika.

Gata linaweza kutengenezwa kwa bati bapa lililokunjwa. Lipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1. Lifunge kwa waya imara kila baada ya mita moja au chini ya hapo, kwa sababu mvua kubwa ya kwanza hulijaribu gata kweli kweli.

Maji ya kwanza ya msimu usiyanywe. Yameosha vumbi, mavi ya ndege na majani. Milimita moja ya kwanza juu ya nusu ya paa lako ni lita 24, yaani debe moja na kidogo. Baada ya kiangazi kirefu mwaga zaidi ya hapo. Geuza bomba la kuingilia, acha maji hayo yaende kwenye bustani ya mboga, kisha lirudishe. Tangi liwe na mfuniko usiopitisha mwanga, na kila tundu, hata la kumwagia maji yaliyozidi, liwe na wavu. Tangi lililo wazi ni nyumba ya kuzalia mbu, na tutakuwa tumefukuza mbu paani ili tuwafuge uani. Koki iwe juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita 10, ili matope yabaki chini. Chini ya koki weka mawe na mfereji, pasiwe dimbwi.

Maji ya kunywa yachemshe au tia dawa ya klorini. Kama kuni ni shida, jua linaweza kukusaidia. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, uilaze juu ya bati juani kwa saa sita. Kama kuna mawingu, iache siku mbili. Jua lile lile tulilokuwa tukililalamikia linafanya kazi ya kuni.

TAA

Kuhusu taa tutasema machache. Acha koroboi. Inatoa masizi, inaunguza watoto, na mafuta yake yanalipiwa kila wiki.

Kama umeme umefika kwenu, soma idadi ya wati iliyoandikwa kwenye taa. Taa ya zamani ya wati 60 inamaliza uniti moja kwa saa 17 hivi. Taa mpya ya wati 8, inayotoa mwanga karibu sawa na huo, inatumia uniti hiyo moja kwa saa 125. Nyaya za ndani zifungwe na fundi mwenye leseni, tena waya wa ardhini usiachwe. Huu si ufundi wa kujaribu.

Kama unatumia umeme wa jua, kibao chake kiinamie kaskazini kidogo, ili mvua ikioshe. Kisiguswe na kivuli cha mti hata kidogo saa za mchana. Kifute vumbi kwa maji na kitambaa laini kila wiki wakati wa kiangazi.

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla mvua hazijaanza, fanyeni haya. Panda ngazi, ondoa majani katika gata. Angalia misumari ya bati, iliyolegea igongwe. Toa matope ndani ya tangi, lakini asiingie mtu peke yake. Awepo mwingine nje, mfuniko ukiwa wazi. Kagua wavu, na palipotoboka pashone.

Wale wanaotaka kujenga tangi la saruji na wavu wa chuma waanze kukusanya mchanga safi wa mtoni. Kipimo ni debe moja la saruji kwa madebe matatu ya mchanga, na tangi lifunikwe na kumwagiwa maji kila siku kwa siku saba au zaidi, lisikauke upesi. Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kusuka wavu huo na kupiga lipu, hatua kwa hatua, pamoja na picha.